Ekzosi inayovuja: Kelele tuliyoizoea, hewa inayoua

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

KWA madereva wanaopanda na kushuka kila siku barabara ya Mombo hadi Lushoto, mngurumo wa ekzosi iliyotoboka umekuwa sauti ya kawaida, sawa na honi inayopigwa kwenye kona. Abiria nao wameizoea. Gari likinguruma hudhaniwa kuwa lina nguvu, na harufu ya moshi ikiingia ndani mtu hufungua kioo kidogo, kisha hukifunga tena kwa sababu ya baridi.

Hatari ya safari hiyo inaanzia pale kioo kinapofungwa. Moshi unaotoka kwenye injini, hasa ya petroli, huwa na kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, isiyo na harufu na isiyowasha macho wala koo. Harufu anayoisikia abiria ni ya mafuta yasiyoungua vizuri na ya kemikali nyingine zinazoambatana na moshi. Hewa yenyewe inayoua haijitangazi.

Ni vyema kuitofautisha na hewa ukaa, ambayo husikika sana kila yanapozungumzwa masuala ya misitu ya Usambara. Hewa ukaa hupatikana mafuta yanapoungua yakamalizika. Kaboni monoksaidi hupatikana pale mafuta yanapokosa oksijeni ya kutosha kuungua hadi mwisho. Mtu akiivuta, hujishikiza kwenye himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo damu huendelea kuzunguka mwilini bila kubeba kile ambacho ubongo na moyo vinakihitaji.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na mwili kulegea. Msomaji anayeifahamu njia ya kona za Soni atakuwa ameshatambua tatizo lililopo hapo, kwani hizo ndizo dalili zile zile za mtu anayechefuliwa na kona. Abiria akitapika hupewa mfuko, akisinzia huachwa alale, na safari huendelea. Akifika nyumbani kichwa kikiwa bado kinauma, atadhani ni malaria.

Zipo tofauti zinazoweza kumsaidia kondakta au dereva makini. Anayechefuliwa na kona aghalabu ni mmoja mmoja, na kinachomsumbua zaidi ni tumbo. Hewa ya sumu huwapata watu kadhaa kwa wakati mmoja, huanza na kichwa, huwakumba hata wale ambao hawajawahi kutapika safarini, na hupungua mtu anapokaa nje kwa muda. Watoto, wajawazito na wagonjwa wa moyo huathirika mapema kuliko wengine. Ikiwa watu watatu waliokaa siti ya nyuma wanalalamika kichwa kwa pamoja, gari lisimamishwe, milango yote ifunguliwe na watu washuke.

Aliyezidiwa asiachwe alale ndani ya gari. Apelekwe hospitali, na anayempeleka amweleze daktari waziwazi kwamba kulikuwa na moshi garini, kwa sababu kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri hata kama damu imejaa sumu hiyo. Hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksaidi. Mgonjwa akipewa oksijeni, sumu hutoka haraka zaidi kuliko akiachwa avute hewa ya kawaida, ambapo huchukua saa kadhaa kupungua hadi nusu.

Mlima unavyoongeza tatizo

Lushoto iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo iko chini ya mita 500. Katika kilometa zipatazo 30 na ushee za lami nyembamba, gari hupanda karibu kilometa moja kwenda juu, muda mwingi likiwa kwenye gia namba mbili au tatu huku mafuta yakiwa yamekanyagwa. Injini hufanya kazi kwa nguvu na kutoa moshi mwingi, na bomba hupata joto kali kuliko ambavyo lingepata katika barabara tambarare ya kutoka Segera.

Tena kadiri gari linavyopanda, hewa huwa nyepesi. Magari ya kisasa yanayopimiwa mafuta na kompyuta hujirekebisha yenyewe, lakini yale ya zamani yanayotumia kabureta huendelea kumwaga mafuta kama vile bado yako Mombo. Mafuta yakizidi hewa, kaboni monoksaidi huongezeka. Gari la petroli la aina hiyo lenye ekzosi mbovu, likipanda kuelekea Mlalo au Mtae mwezi Julai vioo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya ukungu na baridi, limekusanya kila kitu kinachohitajika ili ajali ya kimya itokee. Injini za dizeli hutoa hewa hiyo kwa kiasi kidogo zaidi, lakini moshi wake nao una madhara yake kwa mapafu, na si busara kuuvuta kwa saa mbili.

Baridi ya milimani ina kazi nyingine ambayo watu wengi hawaifahamu. Lita moja ya petroli inapoungua hutoa maji yanayokaribia lita moja. Katika safari ndefu maji hayo hutoka nje kama mvuke. Katika safari fupi za kutoka sokoni hadi nyumbani, bomba likiwa halijapata moto, mvuke hugeuka kuwa maji ndani ya ekzosi, huchanganyika na asidi kidogo inayotokana na moshi, na kubaki humo usiku kucha. Ndiyo maana ekzosi nyingi huoza kuanzia ndani kuelekea nje, na ndiyo maana kopo la nyuma la kupunguza sauti, ambalo wengi huliita mafla, ndilo huoza mapema: liko mbali na injini na hupata joto kidogo kuliko sehemu nyingine.

Kwa sababu hiyo hiyo mafla nyingi hutoka kiwandani zikiwa na tundu dogo upande wa chini, la kutolea maji. Wapo wamiliki wa magari wanaolikuta tundu hilo, wakadhani ni uvujaji na kulipa fedha lichomelewe. Tundu la kiwandani ni dogo, la mviringo na lina kingo safi; lililotobolewa na kutu lina kingo zilizomeguka na nyembamba kama karatasi. La kwanza liachwe.

Kuhusu magari yaliyotumika Japani, ambayo ndiyo mengi katika barabara zetu, mnunuzi aulize lilitoka wapi au angalau alale chini alitazame. Katika maeneo ya kule yenye theluji, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula chuma cha chini ya gari. Rangi ya juu inaweza kung'aa huku bomba likiwa linashikiliwa na kutu tu.

Sikiliza kwanza, kisha tazama

Ekzosi huanzia kwenye manifoldi iliyofungwa ubavuni mwa injini, hufuatiwa na bomba la kushuka, na katika magari mengi huwa na kipande laini cha nyaya zilizosukwa kinachomeza mitikisiko ya injini. Baada ya hapo huja kopo lenye vijitundu vingi kama ya nyuki, ambalo mafundi wa Tanzania hulifahamu kwa jina la masega, na ambalo kazi yake ni kuigeuza kaboni monoksaidi na sumu nyingine kuwa hewa zisizo na madhara makubwa. Mwisho huja mafla na bomba la mkia. Yote hayo huning'inia kwa raba chini ya gari.

(Msomaji wa vitabu vya kigeni ajihadhari na neno silensa. Katika gereji zetu neno hilo limeshahamia kwenye mzunguko wa injini gari likiwa limesimama. Ukimwambia fundi kwamba silensa yako ni mbovu, atafungua boneti badala ya kulala chini.)

Kila sehemu ina sauti yake. Uvujaji kwenye manifoldi husikika kama mgongo wa saa unaogonga haraka, tik-tik-tik, na huenda kasi pamoja na injini. Husikika zaidi asubuhi gari linapowashwa likiwa la baridi, kisha hupungua au kutoweka kabisa baada ya dakika chache, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka na kuziba ufa. Wengi hudanganyika hapo. Wanampelekea fundi gari likiwa limeshapata moto, fundi anasikiliza, hasikii kitu, na kila mtu anarudi nyumbani ameridhika. Gari lenye dalili hiyo liachwe gereji usiku, liwashwe asubuhi fundi akiwa tayari ameinama juu ya injini.

Mngurumo mzito unaofanana na wa trekta hutoka kwenye tundu la katikati au kwenye mafla iliyopasuka. Mlio wa chuma kinachotetemeka, mithili ya sufuria tupu ndani ya karai, mara nyingi hauhusiani na uvujaji wowote. Ni bati la kukinga joto lililolegea, au raba iliyokatika bomba likawa linagonga chasi, au vipande vilivyovunjika ndani ya mafla. Iwapo sauti ni kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, basi masega yamevunjika. Kugonga kopo hilo kwa kiganja cha mkono gari likiwa limepoa kabisa hutoa jibu kwa sekunde moja.

Ipo dalili nyingine ambayo barabara ya Lushoto huionyesha vizuri kuliko barabara nyingi nchini. Wakati wa kushuka kuelekea Mombo, dereva akiwa kwenye gia ndogo na ameachia mafuta, husikika milipuko midogo midogo kwenye bomba. Katika hali hiyo mapigo ya moshi huwa dhaifu, na ekzosi yenye tundu huvuta hewa ya nje kuingia ndani. Hewa hiyo ikikutana na mafuta yasiyoungua ndani ya bomba la moto, huwaka. Milipuko hiyo huwafurahisha vijana, lakini kwa gari la kawaida ni taarifa kwamba kuna mahali pameachia.

Uvujaji ulio karibu na injini huongeza pia matumizi ya mafuta. Magari yenye kompyuta yana sensa ya oksijeni kwenye bomba. Hewa ya nje ikiingia kabla ya sensa hiyo, kompyuta hudhani injini ina mafuta kidogo, ikaongeza. Taa ya injini inaweza kuwaka kwenye dashibodi, na mmiliki akauziwa sensa mpya ambayo haitaponya chochote.

Baada ya kusikiliza, fundi hutazama. Palipo na uvujaji huwa na alama ya masizi: nyeusi au ya kijivu, iliyosambaa kama pumzi kutoka kwenye ufa, kwenye maungio au pembeni mwa gasketi. Kazi hii ifanyike kwa tochi, gari likiwa limepoa. Moshi ndani ya bomba la gari la petroli linalopanda mlima unaweza kufikia nyuzi mia kadhaa za sentigredi, na bomba huendelea kuunguza muda mrefu baada ya injini kuzimwa.

Njia rahisi isiyohitaji chombo chochote ni ya kitambaa. Injini iwashwe ikiwa ya baridi, gari likiwa nje mahali penye hewa, breki ya mkono imevutwa na gia haijaingizwa. Mtu mmoja akunje kitambaa kizito kilicholoweshwa maji, akibane kwa sekunde chache tu kwenye mdomo wa bomba la mkia huku akikaa pembeni, asikae nyuma yake. Ekzosi iliyo nzima itasukuma kitambaa kwa nguvu, na injini itaanza kulemewa. Ekzosi iliyotoboka haitasukuma sana, na mtu wa pili anayesikiliza ubavuni mwa gari atasikia mlio wa hewa ikitoka mahali ilipo.

Mahali pasipoonekana hata baada ya hapo hutafutwa kwa maji ya sabuni. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, upepo mdogo wa kompresa, au wa mashine ya kufagilia inayoweza kupuliza, huelekezwa kwenye bomba la mkia huku maungio yakipakwa povu. Penye tundu mapovu huota. Baada ya hapo bomba zima hugongwa taratibu kwa mpini wa nyundo. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti ya bubu, na wakati mwingine mpini huzama ndani.

Hata pua ina kazi yake katika uchunguzi huu. Harufu inayoingia gari likiwa limesimama na feni imewashwa huashiria uvujaji wa mbele, kwani hewa ya feni huchukuliwa chini ya kioo cha mbele, jirani na boneti. Harufu inayoingia gari likiwa kwenye mwendo hutokea nyuma. Gari linapokwenda, hewa hujikunja nyuma yake na kurudisha moshi kwenye tundu lolote lililopo: mpira wa mlango uliochakaa, kioo kilichofunguliwa, tundu la kutu kwenye sakafu ya buti.

Kutokana na hilo, hata ekzosi nzima haitoshi kumlinda mtu anayesafiri na mlango wa nyuma umefungwa nusu kwa kamba kwa sababu ya matenga ya kabichi na karoti. Mtindo huo upo kila siku ya soko. Hali kadhalika pikapu iliyofunikwa turubai na watu wakakaa ndani yake: turubai hukusanya moshi kama chumba, na waliokaa mle hawana kioo cha kufungua. Mzigo usiofungiwa mlango upakiwe kwenye gari la wazi, na watu wakae kwenye siti.

Fuso na breki ya ekzosi

Malori yanayoteremsha mboga kutoka Lukozi na vijiji vya juu kwenda Dar es Salaam yana jambo la ziada. Mengi yana breki ya ekzosi, ambayo ni kifuniko ndani ya bomba kinachofungwa dereva anapovuta wenzo, moshi ukazuiwa na injini ikalazimika kupunguza mwendo wa gari. Kifaa hicho ndicho kinachosaidia breki za magurudumu zisipate moto kupita kiasi katika mteremko mrefu. Breki za magurudumu zikichemka hupoteza nguvu, na mteremko wa Soni hauna nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Sasa, breki ya ekzosi hufanya kazi kwa mgandamizo wa moshi kati ya injini na kifuniko. Gasketi ya manifoldi ikiwa imeungua, au flenji ya bomba la kushuka ikiwa imelegea, mgandamizo huo hutorokea hapo na breki hudhoofika. Dereva husikia mlio mkali wa hewa kila anapovuta wenzo, na lori halishikiki kama zamani. Wengi hujibu kwa kukanyaga breki ya mguu zaidi. Kwa maoni ya mwandishi, hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kutopuuza uvujaji mdogo kwenye lori, na inashangaza jinsi inavyozungumzwa kwa nadra kila tunapojadili ajali za milimani.

Kwa injini zenye taibo, uvujaji kabla ya taibo huinyima moshi wa kuizungusha. Lori hukosa nguvu na kutoa moshi mweusi, na lawama hupelekwa kwenye pampu ya dizeli.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari linalotumika barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu, na askari ana uwezo wa kulizuia lisilotimiza hilo. Kwa kelele pekee, wengi wanaokamatwa ni waendesha bodaboda waliotoa vizuizi vya sauti kwa makusudi. Hilo ni suala la tabia na halihitaji fundi.

Matengenezo yanayodumu

Ardhi tambarare ni adimu Lushoto, na gereji nyingi ziko kwenye miteremko. Kabla ya mtu kuingia chini ya gari, magurudumu yazuiwe kwa mawe au magogo pande zote mbili, na gari liegemee kwenye stendi za chuma. Jeki ni ya kunyanyulia. Jeki peke yake, kwenye udongo mwekundu uliolowa, huzama upande mmoja bila kutoa taarifa.

Uvujaji wa manifoldi mara nyingi hutibiwa kwa gasketi mpya. Ugumu uko kwenye stadi zilizoliwa na kutu, ambazo hukatika zikilazimishwa. Zipakwe mafuta ya kulegeza kutu jioni, zirudiwe asubuhi, na spana izungushwe mbele na nyuma kidogo kidogo. Uso wa manifoldi ukaguliwe kwa rula ya chuma kabla ya kufunga: ukiwa umepinda, gasketi mpya itaungua ndani ya wiki chache, na uso huo unapaswa kusawazishwa kwa mashine. Bolti zifungwe kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa awamu, na nguvu iwe sawa.

Manifoldi ya chuma cha kalibu iliyopasuka ni jambo jingine. Kuichomelea kwa vijiti vya kawaida huleta ufa mpya pembeni mwa ule wa zamani, kwa kuwa chuma hicho hakipendi kupashwa na kupozwa ghafla. Huhitaji kupashwa moto taratibu kwanza, vijiti maalumu vyenye nikeli, na kupozwa polepole. Fundi asiyekuwa na vifaa hivyo akiri mapema, na mwenye gari atafute manifoldi nyingine, hata iliyotumika.

Bomba lililotoboka huchomeleka vizuri, kwa sharti kwamba kipande kilichooza kikatwe hadi kwenye chuma kizima. Kubandika kiraka juu ya kutu ni kupoteza fedha. Moto wa kuchomelea hutoboa tundu jingine pembeni, na fundi huishia kufukuza matundu hadi jioni. Kipande kipya kiwe na upana ule ule wa bomba la zamani. Bomba jembamba huibana injini, na katika mlima dereva atalisikia hilo mara moja. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki yasitumike bila kukwanguliwa, kwa kuwa moshi wa zinki humletea mchomeleaji homa na maumivu ya kifua usiku wa siku hiyo.

Kabla ya kuchomelea, waya hasi wa betri utolewe ili kuilinda kompyuta ya gari, na kibanio cha mashine kiwekwe karibu na mahali panapochomelewa. Ni salama zaidi kulishusha bomba na kulichomelea pembeni. Tangi la mafuta na mipira yake viko hatua moja tu kutoka kwenye ekzosi katika magari mengi.

Kipande laini cha nyaya kikichanika hakina tiba isipokuwa kubadilishwa. Wapo wanaoweka bomba gumu mahali pake. Gari hutulia kwa miezi michache, kisha mitikisiko ya injini huhamia kwenye manifoldi na kuipasua, na gharama huwa kubwa zaidi.

Kwa aliyekwama njiani, usiku, kati ya Soni na Mombo, kopo la chuma la nyanya lililopasuliwa na kuzungushwa juu ya tundu, likabanwa kwa klampu mbili au waya, linaweza kumfikisha. Kopo la soda ni la aluminiamu na huyeyuka likiwa karibu na injini, kwa hiyo litumike sehemu ya nyuma pekee au lisitumike kabisa. Gundi maalumu ya ekzosi husaidia kwenye maungio. Vioo vifunguliwe hadi mwisho wa safari, baridi iwe kali namna gani.

Kuhusu masega, mwenye gari awe macho. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani kubwa, na kuna soko la makopo yaliyotolewa. Ni kweli kwamba masega yaliyoziba hulifanya gari lishindwe mlima, na dalili yake ni injini inayovuta vizuri mwanzoni kisha ikakaba kadiri inavyokanyagwa. Lakini kuziba huthibitishwa kwa kupima mgandamizo wa moshi, kwa kufungua tundu la sensa iliyoko mbele yake na kuweka geji. Fundi anayetaka kuyatoa bila kupima, tena anayekataa kumrudishia mwenye gari kopo la zamani, ana hesabu nyingine kichwani. Gari lisilo na masega hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi zaidi, hivyo tundu lolote litakalotokea baadaye litakuwa na sumu kali kuliko lile la kwanza.

Kazi ikikamilika, jaribio la kitambaa lirudiwe mbele ya mwenye gari kabla ya malipo. Siku ya kwanza harufu ya rangi na mafuta yanayoungua juu ya bomba jipya ni ya kawaida na huisha. Baada ya safari mbili tatu za kupanda na kushuka, gari likiwa limepoa, bolti za flenji zikazwe tena, kwani gasketi mpya hujibana kidogo ikishapata moto, na nati iliyokazwa Jumatatu inaweza kuzunguka kwa vidole ifikapo Ijumaa.